Ruta, Nyuzi za Kioo, na Lawama Tuliyoipeleka Unguja



Mhariri wa jarida letu ametutaka tuandike juu ya ruta. Anasema kila akitoka katika sala ya Ijumaa huulizwa swali lile lile: mafundi wameshachimba barabara, nyuzi za kioo zimefika mlangoni, kampuni inaahidi kasi ambayo hatujapata kuisikia, sasa kinunuliwe chombo gani ili kasi hiyo isipotee njiani? Tulikubali kwa wepesi, kwani tulijiona tunalijua jambo lenyewe. Ukweli ni kwamba tulilijua baada ya kukosea, na katika makosa yetu limo moja lililomfika mtu asiyehusika na ruta hata kidogo, naye ni dada yetu mkubwa aliyeko Kikwajuni, Unguja. Kwa hiyo tunamwomba msomaji atustahamilie tukianza kwake kabla ya kufika kwenye waya na matundu.

Dada yetu huyu alisomesha chuo uani kwake kwa miaka mingi. Wako watu wazima Muscat, Dubai na hapa Uingereza ambao alifu ya kwanza waliisoma mbele ya mkeka wake. Hivi sasa macho yamepungua nuru, chuo kimefungwa, na kilichobaki kwake ni sikio, sikio ambalo halijapoteza kitu. Wajukuu wetu wawili, mvulana wa miaka kumi na msichana wa miaka minane, humsomea kila Jumamosi saa tano asubuhi ya kwetu, wakati ambapo kwao adhuhuri imeshaswaliwa. Huketi chumbani mwao ghorofani, simu imesimamishwa juu ya meza, naye huko kwao huegemea mto, simu ikishikwa na binti yake. Kwa watoto waliozaliwa na kukulia Uingereza, saa hiyo moja ya juma ndiyo chuo chao, na aghalabu ndiyo pia skuli yao ya Kiswahili.

Basi saa hiyo ilikuwa ikiharibika. Mtoto alikuwa hafiki aya ya tatu ila sura ya bibi yake imeganda, mdomo wazi, mkono hewani. Sauti hukatika, hurudi vipande vipande, kisha hukatika tena. Na sisi, tuliokuwa tumekaa kwenye kiti cha pembeni, tulikuwa na jawabu moja tayari: “Mtandao wenu huko, dada. Mtandao wenu hauna nguvu.”

Lawama hiyo haikutoka hewani. Mwezi wa Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa wakati mmoja upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku zile tulipomwambia dada yetu kwamba tatizo liko kwao tulisema kweli. Lakini kebo zilitengenezwa, sisi tukabaki na maneno yetu. Mazoea ya kukaa ughaibuni miaka mingi yana tabia hiyo: taa ikizimika kwao, ni kwao, simu ikikatika kati ya kwao na kwetu, pia ni kwao. Haikutupitikia hata siku moja kwamba waya una ncha mbili.

Sisi tunaishi Milton Keynes, mji ulioanzishwa 1967, na kwa jinsi ulivyo mpya mgeni angetarajia kwamba simu zake zingekuwa bora kuliko za miji ya kale. Haikuwa hivyo. Katika baadhi ya mitaa waya za simu zilizotandikwa chini ya ardhi zilikuwa za alumini badala ya shaba, kwa kuwa alumini ilikuwa na bei nafuu, na intaneti ilipokuja kupita katika waya wa simu, mitaa hiyo ikatambaa ilhali mingine inakimbia. Wengi wetu tunakumbuka modemu iliyokuwa ikilia kama kuku aliyekanyagwa, na ugomvi wa nyumbani mtu mmoja aliponyanyua simu huku mwingine akisoma barua zake. Ndiyo sababu, kuanzia 2018, mafundi walipoanza kupitisha nyuzi za kioo hadi majumbani katika mji huu, watu walipokea habari hiyo kama wanakijiji waliochimbiwa kisima.

Uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele, na kinachopita ndani yake ni mwanga, si umeme. Elimu hii ilipata msingi wake si mbali sana na hapa tulipo, katika mji wa Harlow, Essex. Huko ndiko Charles Kao, mhandisi mzaliwa wa Shanghai, pamoja na mwenzake George Hockham, walipoandika mwaka 1966 kwamba mwanga unazimika ndani ya kioo kwa sababu ya uchafu uliomo, na kwamba kioo kikitakaswa vya kutosha mwanga utasafiri masafa marefu. Miaka minne baadaye kioo cha namna hiyo kikapatikana Marekani. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, na mwaka huo huo kebo ya SEACOM iliunganisha pwani yetu ya Afrika Mashariki na dunia kwa nyuzi hizo hizo. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya intaneti ya kwao yalipanda juu mpaka kwenye setilaiti na kushuka tena. Ndani ya kioo mwanga hukata kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama sauti ya mjukuu wetu ingezungushwa kilomita 15,000 chini ya bahari, kwenda kwake kungechukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tungeyafikiria haya mapema, tungejua kwamba umbali haukuwa na kosa.

Shaabani iliyopita alikuja kijana mlangoni akiuza mkataba. Alikuwa na aina tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na hiyo kubwa ilikuwa ya gigabiti 2.5 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Mtoto wetu wa kiume, ambaye haishi nasi lakini hutoa rai katika kila jambo la nyumba yetu, alisema kwa simu, “Chukueni kubwa, tofauti ni paundi chache.” Tukatia saini ya miezi 24. Fundi akaja, akatoboa ukuta, akabandika kisanduku cheupe ambapo uzi wa kioo unaishia na mwanga unageuzwa kuwa umeme, na chini yake akaweka ruta ya bure ya kampuni. Mahali penyewe ni kabatini, chini ya ngazi, penye mita ya gesi, mashine ya kufyonza vumbi, masufuria makubwa ya Ramadhani na mazulia ya wageni. Mwenzetu wa nyumbani alipapenda mahali hapo kwa kuwa hapaonekani, nasi tulipapenda kwa kuwa yeye alipapenda.

Jumamosi ya kwanza sura ya dada yetu iliganda katika aya ya pili.

“Mtandao wenu, dada,” tukasema, safari hii kwa uhakika zaidi, kwani upande wetu ulikuwa umeshatiwa gigabiti mbili na nusu.

Wiki ya tatu ikaja barua ya simu kutoka kwa binti yake, mpwa wetu. Aliandika kwa adabu sana, kama watu wa kwetu wanavyoandika jambo zito: kwamba mama ameacha kifurushi chake cha kawaida na kwa miezi minne sasa ananunua kile kikubwa cha ghali, kwa pesa ya pensheni, ili asiwasumbue watoto, kwamba ameambiwa na jirani abadilishe simu, naye anauliza bei, na kwamba Jumamosi ikikaribia huwa ana wasiwasi. Mwishoni akauliza kama tunajua dawa nyingine isiyohitaji pesa.

Tuliisoma barua ile mara mbili, kisha tukampa mwenzetu aisome. Akasema neno moja tu: “Mmepima?”

Hatukuwa tumepima. Tulisomesha hisabati maisha yetu yote, tukawaadhibu watoto wa watu kwa kuandika jawabu bila ya kuonyesha njia, na katika jambo hili tulikuwa na jawabu bila ya njia.

Tukachukua daftari. Kwanza tulichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, pale pale kabatini, tukiwa tumepiga magoti kati ya masufuria. Kipimo kikasoma megabiti 938. Ukumbini, bila ya waya, 610. Jikoni, 220. Chumbani mwa watoto ghorofani, 31, mara 12, mara 3, mara kipimo chenyewe kikakata tamaa. Kisha tukafanya jaribio la pili, ambalo tunamsihi msomaji alifanye kabla ya kutoa hata senti. Kutoka chumbani kwa watoto tulipeleka ishara 100, si Unguja wala London, bali kwenye ruta yetu wenyewe iliyoko chini ya ngazi. Ishara 14 hazikurudi. Tukarudia jaribio hilo kwa waya, zikarudi zote 100. Tukapeleka kwa waya ishara 100 kwenye kompyuta iliyo nje ya nchi, zikarudi zote.

Ishara 14 zilikuwa zikipotea ndani ya nyumba yetu, baina ya ngazi na ghorofa, hazijaona hata barabara. Maongezi ya picha hayahitaji zaidi ya megabiti mbili mpaka nne, lakini yanazihitaji kwa mfululizo, kila dakika, bila ya pengo. Ukipoteza ishara moja katika kila saba, utaganda hata kama mlangoni mwako pamefungwa mto Rufiji. Na tulipotazama ramani ya nyumba tukaona kilichosimama katikati: mlango wa kabati, mita ya chuma, masufuria, sakafu, na juu ya yote tangi la shaba la maji ya moto, ambalo mawimbi ya redio hayana namna ya kulipenya.

Hapo ndipo tulipokwenda kutafuta ruta, tukiwa na hofu na haraka, ambazo ni hali mbili mbaya za kuingilia dukani.

Dukani tulionyeshwa chombo cheusi chenye antena nane zilizoelekea juu, mfano wa buibui aliyelala chali, chenye taa za rangi. Bei yake ilikuwa karibu na nauli ya ndege ya kwenda Unguja na kurudi. Juu ya kasha ilikuwa imeandikwa idadi kubwa ya megabiti, maelfu kwa maelfu. Tulimwuliza kijana wa dukani kama simu yetu itapata kasi hiyo. Kwa uungwana wake alisema hapana: idadi ile ni jumla ya masafa yote ya chombo yakijumlishwa pamoja katika hali ya maabara, na hakuna kifaa kimoja kinachoyatumia yote. Simu nyingi zina antena mbili tu, na ukiwa karibu na ruta nzuri unaweza kutarajia megabiti mia sita au mia nane, na ukienda mbali zinapungua. Alipoona tunasitasita akatueleza kwamba tunaweza kulipa kidogo kidogo kwa miezi 36, na nyongeza ya asilimia juu ya deni. Tukamshukuru. Katika nyumba yetu intaneti haijafikia cheo cha kuingizwa kwa riba.

Katika mazungumzo yale tulijifunza habari ya masafa, nayo inafaa kuelezwa. Kuna masafa matatu ambayo ruta za leo huyatumia: gigahezi 2.4, 5 na 6. La kwanza ni la polepole lakini hupenya kuta vizuri kuliko wenzake, na kwa kuwa kila jirani analitumia lina msongamano. La pili lina kasi kubwa, huchoka mapema. La tatu, ambalo Uingereza iliruhusu matumizi yake ya nyumbani 2020, lina nafasi nyingi na msongamano mdogo, lakini ukuta mmoja tu hulivunja nguvu. Kizazi kipya kiitwacho Wi-Fi 7, ambacho vyombo vyake vilianza kupewa cheti rasmi Januari 2024, kinaweza kutumia yote matatu. Hata hivyo baadhi ya ruta zinauzwa kwa jina hilo hilo la Wi-Fi 7 bila ya kuwa na gigahezi 6 ndani. Jina ni kweli, bei ni nafuu, ila mnunuzi ajue anachonunua. Nyumbani kwetu mwenye simu ya gigahezi 6 ni mmoja tu, naye ni yule mtoto wetu mwenye rai nyingi, ajaye Idi mbili kwa mwaka.

Jambo ambalo tungetaka kila mtu mwenye mkataba wa zaidi ya gigabiti moja alitazame kwanza ni matundu ya nyuma ya ruta. Tundu la kawaida la gigabiti 1 halipitishi zaidi ya megabiti 940 au karibu na hapo, hata mlangoni paingie elfu kumi. Ruta ya bure tuliyopewa ilikuwa na tundu moja la gigabiti 2.5 upande wa kuingilia, na upande wa kutokea matundu yake yote yalikuwa ya gigabiti 1. Ni sawa na tangi la msikiti lililoletewa bomba nene kutoka barabarani, kisha mifereji ya kutilia udhu ikafungwa myembamba: watu wengi wakitawadha pamoja watalifaidi tangi, lakini hakuna hata mmoja atakayeona maji yakija kwa nguvu ya bomba. Ile 938 tuliyoisoma kabatini ndiyo mpaka wa tundu, haikuwa mpaka wa uzi wa kioo. Kwa mkataba wa gigabiti 2.5, basi, itafutwe ruta yenye tundu la 2.5 la kuingilia na angalau moja la 2.5 la kutokea. Mwenye mkataba wa gigabiti 5 au 8 atafute matundu ya gigabiti 10, na ajiandae kwa bei na joto lake. Mwenye mkataba wa megabiti 900 au chini ya hapo asisumbuke na haya.

Fundi mmoja wa waya alituambia kwamba waya za ukutani zote zing'olewe, kwa kuwa zetu ni za aina ya zamani, Cat5e. Hapa tulimkatalia, na hesabu ikatuunga mkono. Kipimo cha gigabiti 2.5 kilipitishwa 2016 kwa makusudi hayo hayo, kitumie waya za Cat5e zilizokwisha kutandikwa, mpaka mita 100. Nyumba yetu nzima ukiizunguka mara mbili haifiki mita 100. Cat6a inahitajiwa na mwenye kutaka gigabiti 10 kwa masafa marefu.

Yapo mambo ya kampuni ambayo lazima yaulizwe kwa simu kabla ya kununua. Baadhi ya kampuni hutaka jina na neno la siri katika utaratibu uitwao PPPoE, ambapo kila kipande cha habari hutiwa ndani ya bahasha ya pili, na ruta lazima iifungue kila moja. Ruta ya bei ndogo yenye prosesa dhaifu huchoka kufungua bahasha kabla ya kufikia kasi yako. Nyingine hutaka namba iitwayo VLAN iandikwe, na isipoandikwa utakaa na taa nyekundu mchana kutwa.

La simu ya mezani ndilo zito zaidi. Simu za zamani za waya wa shaba zimepangiwa kuzimwa nchini hapa mwishoni mwa Januari 2027, na nyumba nyingi simu imeshahamishiwa kwenye tundu lililo nyuma ya ruta ya kampuni. Ukiitoa ruta hiyo, umeitoa na simu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alibadilishiwa ruta na wajukuu waliodhani wanamtendea wema, na namba yake ambayo jamaa zake wa Mombasa wameihifadhi kichwani ikawa kimya siku tisa, mpaka ikadhaniwa kwamba amelazwa. Zaidi ya hayo, umeme ukikatika simu ya namna hii hukatika nayo, kwa hiyo wenye wazee wanaovaa kidude cha kuitia msaada waiulize kampuni juu ya betri ya akiba. Sisi simu ya mezani tuliiacha 2021, tukaepukana na fundo hili.

Kuhusu usalama tutasema machache. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza imekataza vyombo vya namna hii kuuzwa vikiwa na neno la siri moja la wote, na inamlazimisha mtengenezaji aseme mpaka lini ataendelea kuvipelekea marekebisho ya usalama. Tarehe hiyo isomwe kama inavyosomwa tarehe ya mwisho ya dawa. Binamu yetu alitaka kutupa ruta yake ya zamani, nzuri kwa sura, lakini marekebisho yake yalikwisha miaka mitatu nyuma, tulimshukuru tukaiacha. Jambo la pili ni mtandao wa wageni. Nyumba zetu ni nyumba za maulidi, hitima na futari, na mgeni wa siku hizi akishavua viatu huuliza neno la siri kabla ya kuuliza kibla. Ruta nyingi za leo zinaweza kutengeneza mtandao wa pembeni, wenye neno lake, usiofika kwenye kompyuta na picha zenu. Vile vile zinaweza kuzimia vifaa vya watoto intaneti kwa saa maalumu. Kwetu huzimika saa tatu usiku, na hasira zote hupelekwa kwa ruta, wazee tukasalimika.

Mwishowe hatukumnunua buibui. Tulinunua vyombo viwili vidogo vya aina moja, vinavyofahamiana, vya Wi-Fi 7 yenye masafa mawili tu, kila kimoja kikiwa na matundu ya gigabiti 2.5. Kwa pamoja viligharimu chini ya theluthi ya bei ya buibui, na tulilipa taslimu. Kimoja kilichukua nafasi ya ruta ya kampuni, nacho tulikitoa kabatini na kukiweka juu ya rafu ya ukumbini, baada ya majadiliano na mwenzetu ambayo hatutayaandika hapa. Cha pili kilipanda ghorofani. Watu wengi huviacha vyombo hivi viongee kwa hewa, na baina ya vyumba viwili visivyo na kizuizi hufaa. Sisi, kwa sababu ya lile tangi la shaba, tuliviunganisha kwa waya uliopitishwa katika njia ya zamani ya antena ya televisheni. Kazi hiyo ilichukua nusu siku. Jioni tulipima tena chumbani mwa watoto: megabiti 640, na ishara 100 zilikwenda na 100 zikarudi. Kompyuta iliyochomekwa kwenye tundu la 2.5 ilisoma 2,340.

Je, tulihitaji gigabiti 2.5? Hatukuhitaji. Tulikaa siku moja tukajumlisha: televisheni mbili za picha kali, megabiti 50 kwa wingi, simu na kompyuta zote, watoto na michezo yao, tukatia na nyongeza ya wageni. Hatukufika 150. Mkataba mdogo wa megabiti 500 ungetutosha na ungebakia. Mpwa wetu apigaye picha za video za harusi yeye anahitaji, na tulimfanyia hesabu: harusi moja ya gigabaiti 200, kwa kasi ya zamani ya kupeleka megabiti 20, ilimchukua saa 22, kwa megabiti 900 ni nusu saa, kwa 2,300 ni chini ya dakika 12. Yeye anapata riziki kwa kasi hiyo. Sisi tunamlipia mtu mwanga unaopita bila ya kutumika, na tutaendelea kumlipia mpaka miezi 24 iishe.

Jumamosi iliyofuata tulipiga simu Kikwajuni dakika kumi kabla ya wakati, peke yetu, watoto bado wako chini.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Leo mapema, kuna salama?”

“Salama. Tuna maneno. Ule mtandao tuliokuwa tukisema mbovu ni wa kwetu. Ulikuwa wa kwetu siku zote. Tumepima.”

Alinyamaza, na kwa mara ya kwanza tulijua kwamba huko ni kunyamaza, si kuganda. Tukamwambia habari ya kabati, masufuria na tangi la shaba. Tukamwomba radhi kwa miezi minne ya kifurushi kikubwa, na tukasema tutakirudisha kila alichokitoa.

“Pesa si neno,” akasema. “Mimi nilidhani watoto wamechoka kunisomea, wanazima makusudi, nanyi mnawasitiri.”

Hatukuwa na la kujibu. Binti yake alikuwa akiishika simu, naye akageuza uso pembeni. Kisha dada yetu akauliza kama sasa anaweza kurudi kwenye kifurushi chake cha zamani, tukamwambia kinatosha sana, akasema, “Basi niitieni mwanafunzi.”

Mjukuu wetu alipanda akaketi, akafungua Suratul-Mulk. Alikuwa ameisoma mbele ya bibi yake majuma mengi, na kila juma alikuwa amepewa hongera, kwa kuwa bibi alikuwa akisikia nusu yake tu. Siku ile alisikia yote. Katika ukurasa wa kwanza alimsimamisha mara tisa: hapa hukuvuta, hapa umevuta mno, hii si hai, ni he, rudi mwanzo. Dakika arobaini zilipita, sura ya bibi haikuganda hata mara moja, na kijana hakuwa amevuka ukurasa. Alipofunga msahafu alitutazama, jasho likimtoka, akauliza kwa sauti ya chini kama ile ruta ya zamani tumeshaitupa au bado ipo.